Friji ya barafu na simtanki la mita tatu: pima presha kabla hujatoboa bomba

Swali: Shikamoo fundi. Kaka yangu amenitumia friji ya milango miwili kutoka Dubai, ile inayotoa maji na barafu mlangoni. Imekuja na mpira mweupe mwembamba na chujio moja. Nyumba yetu ya Tabata ni ya chini, haina ghorofa. Tunatumia simtanki la lita 2000 lililokaa juu ya mnara wa mita tatu, linajazwa na maji ya DAWASA, mamlaka ya maji ya Dar es Salaam. Fundi wa kwanza amesema atafunga kibano kwenye bomba la sinki, atoboe, na nusu saa kazi imekwisha. Wa pili alitazama tangi tu, akasema hapa friji haitatoa barafu labda nijenge ghorofa nne. Nimsikilize nani? Halafu, maji yakishapita kwenye chujio la friji naweza kuwapa watoto bila kuchemsha? Jirani naye ana mashine ya RO jikoni, ile ya kuchuja maji mpaka chumvi, ananishauri niunge humo.

Jibu: Marahaba, dada. Fundi wa pili alikupa jibu la mkato na la kukatisha tamaa, lakini hesabu yake ni sahihi, na nitakuonyesha alivyoipata. Wa kwanza asirudi na kibano chake. Nikianza na hilo la ghorofa nne, mengine yote yataeleweka kwa urahisi.

Nyuma ya friji yako, chini karibu na kompresa, kuna valvu ndogo inayofunguliwa kwa umeme. Ule mpira mweupe wa robo inchi unaishia hapo. Friji za aina hii, karibu zote, hazina pampu ya kuvuta maji. Kitengeneza barafu kikitaka maji, kinapeleka umeme kwenye valvu, valvu inafunguka kwa sekunde chache, kisha inafunga. Kwenye mashine nyingi za kawaida ni sekunde kama saba, na ndani ya muda huo yanatakiwa yaingie maji kati ya mililita 100 na 140, yaani nusu ya kikombe cha chai. Angalia vizuri hapo: mashine nyingi hazipimi maji, zinapima muda. Zinaamini kwamba bomba lako lina nguvu ya kutosha kujaza trei kwa sekunde hizo. Bomba likiwa dhaifu, sekunde saba zinakwisha trei ikiwa robo, na asubuhi unakuta vigande vyembamba kama maganda au hukuti kitu kabisa.

Sasa nguvu inayotakiwa ni kiasi gani? Fungua kitabu cha maelekezo kwenye ukurasa wa kuunga maji. Kwa friji nyingi utakuta psi 20 hadi 120 (psi na bar ni vipimo vya presha), nyingine zinaanzia 30. Kwa kipimo cha bar, psi 20 ni bar 1.4. Na kila mita moja ya kimo cha maji inatoa takriban bar 0.1 peke yake, bila kujali tangi lina lita ngapi. Kwa hiyo bar 1.4 ni maji yaliyokaa mita 14 juu ya valvu ya friji. Hizo ndizo ghorofa nne za fundi wako.

Tuje kwako. Mnara ni mita tatu. Simtanki la lita 2000 lina kimo cha mita moja na nusu na kitu. Likijaa, uso wa maji uko kama mita nne na nusu kutoka ardhini. Toa sentimita ishirini za mahali valvu ilipo nyuma ya friji, unabaki na bar 0.43. Hiyo ni psi 6. Tangi likikaribia kwisha unashuka hadi psi 4. Friji inadai 20. Huko si kupungukiwa kidogo ambako mtu angejaribu bahati yake. Kununua tangi la lita 5000 hakutasaidia, maana upana wa tangi hauongezi presha, kinachoongeza ni kimo tu. Kuinua mnara hadi mita sita nako hakutoshi, na mnara wa mita 14 kwa ajili ya barafu ya juisi sidhani kama kuna mtu atakushauri.

Hapa ndipo wenye nyumba wengi hubisha: "Mbona kwangu maji yanatoka kwa kasi, ndoo inajaa dakika mbili?" Ndoo inajaa kwa sababu bomba la nusu inchi ni pana na koki imefunguliwa wazi. Huo ni wingi wa maji. Presha ni jambo jingine, ni nguvu ya maji kujisukuma kwenye tundu dogo, na valvu ya friji ina tundu dogo kwa makusudi. Ziba mdomo wa koki kwa kidole gumba. Ukiweza kuyazuia maji bila shida, hapo hakuna presha ya friji. Kipimo cha kweli ni geji ya presha ya kufunga kwenye koki, inauzwa kwenye maduka ya vifaa vya mabomba na si ghali. Fundi yeyote anayekuja kufunga friji ya barafu bila geji mkononi anafanya kazi ya kubahatisha.

Kuna madhara mengine ya presha ndogo ambayo mafundi wengi hawayataji, na kwangu haya ndiyo mabaya zaidi. Valvu hii hutumia nguvu ya maji yenyewe kujifunga. Umeme ukikatika kwenye koili, chemchemi inasukuma kijipini chini, lakini kinachobana ule utando wa mpira usipitishe hata tone ni presha ya maji yanayoingia. Presha ikiwa psi 5, utando haubanwi sawasawa. Maji yanadondoka polepole saa zote, yanaganda kwenye mrija unaoingia friza mpaka mrija unaziba kabisa, au yanafurika kwenye trei na kuteremka kwenye ndoo ya barafu, na vipande vyote vinashikana vikawa jiwe moja. Mwenye friji anaita fundi wa friji, fundi anasema kitengeneza barafu kimekufa, kinanunuliwa kingine, na baada ya wiki mbili hali ni ile ile. Tatizo liko juu ya mnara.

Sasa, njia zako ziko nne, na haziko sawa.

Ya kwanza ni kuunga moja kwa moja kwenye bomba la DAWASA kabla maji hayajaingia tangini. Kuna mitaa ambako presha ya bomba kuu inavuka bar 2, na huko friji ingefanya kazi bila pampu. Lakini maji ya mgao ni ya mgao. Siku yakikatika kitengeneza barafu kitaendelea kuzunguka kikavu, na yakirudi, maji ya kwanza huja na kutu, matope na upepo mwingi. Vyote hivyo vinaelekea kwenye kichujio kidogo cha waya kilicho mdomoni mwa valvu, na kikiziba umerudi kule kule kwenye presha ndogo. Kama bado unataka kuijaribu, pima kwa geji mchana na pima tena usiku wa manane, kwa sababu watu wakilala presha hupanda sana. Ikivuka bar 8 usiku, utahitaji valvu ya kupunguza presha. Jambo moja usikubali: fundi kukufungia pampu juu ya bomba hilo la DAWASA. Inanyonya maji ya majirani, na presha ikishuka ndani ya bomba, uchafu wa nje hupenya kwenye nyufa na kuingia kwenye maji mnayokunywa nyote.

Ya pili ni pampu ya nyumba nzima, inayochukua maji kutoka simtanki na kuyasukuma kwenye mabomba yote. Hii ina maana kama tayari unalalamikia shawa isiyo na nguvu au mashine ya kufulia inayokawia kujaa. Pampu ya nusu hospawa inatosha nyumba ya kawaida ya chini. Ila nikutahadharishe kitu. Pampu nyingi za siku hizi zinauzwa na kile kisanduku cha umeme kinachoiwasha pampu mtu akifungua koki na kuizima akifunga. Kisanduku hicho kinahisi maji yanayopita, na kinataka yapite kwa wingi fulani, lita moja hadi mbili kwa dakika kutegemea aina. Kitengeneza barafu kinakunywa kwa kasi ya lita moja na kitu kwa dakika, kwa sekunde saba tu. Kiko pale pale mpakani. Kwa hiyo pampu inaweza isiwake kabisa, au iwake na kuzima mfululizo kila friji inapovuta maji, na pampu inayofanya hivyo haidumu. Dawa yake ni tangi dogo la presha, lile lenye mpira wa upepo ndani, la lita 8 au 24, lifungwe baada ya pampu. Friji itakunywa kutoka kwenye tangi hilo, na pampu itawaka mara chache. Fundi akikupa bei ya pampu bila tangi la presha, muulize kwa nini.

Ya tatu ni pampu ndogo ya friji peke yake, ya volti 12 au 24, ya aina inayojizima yenyewe presha ikifika psi 40 hivi. Unaiweka chini ya sinki, inachukua maji ya simtanki na kuyapeleka kwenye mpira wa friji. Inakula umeme kidogo, na kelele zake ni za kunguruma kwa sekunde chache tu. Kwa mtu ambaye mabomba mengine ya nyumba hayamsumbui, hii ni bora kuliko ya pili na bei yake ni ndogo zaidi.

Ya nne ndiyo ningeanza nayo mimi kwa nyumba kama yako: pampu hiyo hiyo ndogo, lakini mrija wake wa kunyonya uzame kwenye chupa kubwa ya maji ya kunywa, zile za lita 18.9 za kuweka juu ya dispensa. Ziko seti zinazouzwa tayari kwa kazi hii, mrija wake ukiwa na boya la kuizima pampu chupa ikiisha. Mtu anaweza kusema huko ni kukwepa swali, maana uliuliza kuunga maji ya nyumba. Lakini tazama unachokwepa: presha imepatikana, maji ni salama kwa watoto, hakuna chumvi, hakuna bomba linalokatwa wala ukuta unaotobolewa, na mpira ukivuja siku mmesafiri, kinachomwagika hakizidi chupa moja na si lita 2000. Kitengeneza barafu cha kawaida hutoa kama kilo moja na nusu ya barafu kwa siku hata kikifanya kazi bila kupumzika, kwa hiyo chupa haiishi haraka kama watu wanavyodhani. Kinachoimaliza ni watoto kusimama mlangoni na kubonyeza maji baridi.

Ukichagua njia ya tatu au ya pili, bado tuna mazungumzo kuhusu kibano cha fundi wa kwanza. Kile ni kipande cha chuma kinachokumbatia bomba, kina sindano katikati. Unakaza, sindano inatoboa, na maji yanatokea kwenye kitundu hicho. Kimetengenezwa kwa mabomba ya shaba membamba. Hata Marekani, ambako kilitumika sana kwa friji za namna hii, kanuni za mabomba za sehemu nyingi zinakikataza, kwa sababu mpira wake hukauka na kuvuja baada ya miaka, na kitundu cha sindano huziba kwa kutu na chumvi. Nyumba yako, kama nyingi zilizojengwa Dar es Salaam miaka hii, bila shaka ina bomba za PPR, zile za plastiki nene zinazounganishwa kwa pasi ya moto. Sindano ya kibano haikuundwa kwa ajili ya plastiki nene hivyo. Hata ikipenya, tundu ni dogo, na wewe presha huna hata ya kupoteza.

Kazi inayotakiwa ni tii. Funga valvu ya tangi, fungua koki ya chini kabisa maji yote yatoke. Usikubali fundi achomee bomba likiwa bado linadondosha maji kwa kisingizio cha haraka: PPR inayeyushwa kwa nyuzi 260 hivi, maji yakigusa hapo yanakuwa mvuke, na kiungo kinabaki na vitundu ambavyo vitaanza kutoa jasho mwezi ujao. Anakata bomba la maji baridi chini ya sinki, la baridi tu na si lile linalotoka kwenye hita, anachomea tii yenye nyuzi za shaba za nusu inchi katikati. Hapo anafunga valvu ya kona, ile ndogo ya kufunga kwa mkono kama ya chini ya beseni la kunawia. Hiyo valvu iwe mahali unapoifikia bila kusogeza friji. Wapo mafundi wanaoificha nyuma ya friji yenye uzito wa kilo mia na zaidi, halafu siku mpira ukipasuka mama mwenye nyumba anakimbilia nje kufunga tangi.

Baada ya valvu ya kona weka chujio la mashapo la mikroni 5, kabla ya pampu. Maji ya simtanki yana mchanga mwembamba na ute wa tangini hata kama kwa macho ni maangavu, na chujio hili ni rahisi mno kubadilisha kuliko lile la friji. Kisha pampu ndogo kama umechagua njia ya tatu, kisha mpira wa robo inchi mpaka friji. Mpira uliokuja na friji unafaa kama ni mpya na haujakunjika. Wa friji ya zamani usiutumie tena. Upitishe mbali na jiko, usibanwe na mguu wa kabati, na nyuma ya friji uuzungushe mizunguko miwili mitatu mipana ili siku ya kufagia uweze kuivuta friji bila kuung'oa. Urefu wote usizidi mita saba au nane.

Kwenye viungo, uharibifu mwingi unatokana na nguvu nyingi. Ncha ya mpira ikatwe kwa kikatio au kisu kikali, iwe wima, isiwe mshazari. Kama kiungo ni cha kusukuma, sukuma mpaka ukwame, kisha vuta kidogo kuhakikisha umeshikwa. Kama ni cha nati na pete, ingiza kile kibomba kidogo cha kushikilia ndani ya mpira wa plastiki, kaza kwa mkono mpaka mwisho, halafu nusu mzunguko kwa spana. Ile tepu nyeupe inazungushwa kwenye nyuzi za nusu inchi tu. Kwenye nati na pete haina kazi.

Kabla ya kuunga friji, elekeza mpira ndani ya ndoo na uache maji yapite lita kumi hivi. Utashangaa vumbi la plastiki litakalotoka. Ndipo uunge, uwashe pampu, na uviringishie tishu kavu kila kiungo. Tishu inaonyesha unyevu ambao kidole hakiuhisi. Ziache usiku kucha, uziangalie asubuhi, ndipo usukume friji mahali pake, ukiacha nafasi nyuma mpira usibanwe na ukuta.

Umeme wa friji ya Dubai hausumbui, ni volti na mizunguko ile ile ya kwetu na hata plagi inaingia. Washa kitengeneza barafu baada ya friza kushuka kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri, na uvumilie hadi saa 24 kuona barafu ya kwanza. Trei inasubiri barafu igande kabisa ndipo iitupe ndooni, na kwenye friji mpya, tena yenye joto la Dar, hilo linachukua muda. Barafu ya mwanzo mwanzo itupe, pamoja na lita kumi za kwanza za maji ya mlangoni, maana zina ladha ya plastiki na unga mweusi wa chujio. Usishtuke ukisikia maji yanakohoa na kurusha; ni upepo unatoka.

Joto nalo nilitaje kwa kuwa tangi lako bila shaka ni jeusi na liko juani. Machujio mengi ya friji yameandikwa mwisho nyuzi 38 kwa maji yanayoingia. Simtanki jeusi lisilo na kivuli, tena lililobakiza maji kidogo, linaweza kuvuka hapo mchana wa Februari, na bomba lililopita juu ya bati ndiyo kabisa. Friji haitalipuka, lakini chujio linachoka mapema, na barafu inachelewa kwa sababu mashine inaanza na maji ya kuoga. Kivuli cha bati juu ya tangi, na bomba lililofukiwa au kufunikwa, vinatosha.

Sasa watoto. Chujio la friji ni mkaa. Linaondoa harufu ya klorini, vumbi na ladha mbaya, na mengine yaliyothibitishwa kwa kiwango cha Marekani kiitwacho NSF 53 yanapunguza pia madini kama risasi. Haliui bakteria. Ukisoma maandishi madogo kwenye boksi lake utaona limeandikwa wazi kwamba lisitumike kwenye maji ambayo usalama wake dhidi ya vijidudu haujulikani. Tena kwa kutoa klorini linaondoa kinga pekee iliyobaki kwenye maji ya DAWASA, ambayo tayari ilishapungua kwa kukaa tangini siku kadhaa. Na kugandisha hakuui vijidudu vyote. Vingine vinalala tu, vinaamka kwenye glasi. Mlipuko wa kipindupindu ulioanza Dar es Salaam Agosti 2015 wengi mnaukumbuka, na ushauri wa afya nyakati zile ni huu huu: barafu ya maji yasiyotibiwa ihesabike kama maji yasiyotibiwa. Kwa hiyo jibu ni hapana. Maji ya simtanki yaliyopita kwenye chujio la friji pekee usiwape watoto, wala barafu yake usiitie kwenye juisi yao. Kuchemsha huwezi kukiweka katikati ya mpira, ndiyo maana narudi kwenye chupa, au unaongeza taa ya UV, ile ya mionzi inayoua vijidudu, baada ya chujio la mashapo, na tangi unaliosha kwa ratiba.

Chujio lenyewe hubadilishwa kila baada ya miezi sita hata kama taa ya friji haijawaka, na kwa maji yetu mara nyingi mapema zaidi. Kabla kaka yako hajarudi tena mwambie alete mawili zaidi ya namba ile ile, kwa sababu hapa yako ya kuiga mengi kuliko ya kweli.

Mwisho, RO ya jirani. Wazo lake si baya, hasa kwa wale wa Kigamboni au Mbezi wanaotumia visima vyenye chumvi, kwa sababu RO ndiyo pekee katika vifaa tulivyotaja inayoondoa chumvi. Mkaa hauondoi chumvi hata kidogo, na barafu ya maji ya chumvi ni nyeupe, laini, na inaacha ukoko kwenye valvu. Ila RO yenyewe inahitaji presha ya psi 40 au zaidi ili ifanye kazi vizuri, kwa hiyo ya jirani lazima ina pampu ndani yake, na ya kwako pia itahitaji. Halafu maji yake safi yanahifadhiwa kwenye tangi dogo la upepo, ambalo likijaa linaweza kutoa psi 35 na likikaribia kwisha halitoi hata 10. Friji iliyoungwa hapo inatoa barafu nzuri asubuhi na vipande vyembamba jioni baada ya familia kunywa. Ukiamua kuunga hivyo, weka ile pampu ndogo ya psi 40 kati ya tangi la RO na friji. Chujio la friji litoe, uweke kile kifuniko cha kupitisha maji kinachokuja kwenye mfuko wa vifaa, kwa sababu kuchuja mara ya pili maji ya RO ni kupoteza presha na pesa. Kumbuka pia RO za kawaida humwaga lita tatu au zaidi kwa kila lita moja safi. Mpira wa maji machafu uelekeze kwenye ndoo ya kudekia, usiuache uende shimoni. Na mabomba ya kwenda friji yawe ya plastiki yote, si ya shaba, kwa kuwa maji yaliyoondolewa madini hula shaba na kukuachia ladha ya chuma kwenye barafu.